Kibuyu Shingoni mwa Kambi

Pumzi ya mbwa ndani ya kibuyu haifanani na sauti nyingine yoyote ninayoijua. Huanza kama upepo unaopita juu ya mdomo wa chungu, kisha huzama, hunyamaza kidogo, halafu hurudi na joto lake. Kiangazi kimoja nilipokuwa mtoto, hapa kwetu karibu na Gulwe, niliamshwa na sauti hiyo kila alfajiri. Ndani ya tembe kulikuwa na giza lenye harufu ya moshi, ndama walikuwa wakicheua nyuma ya ukuta wa udongo, na mwanga mwembamba uliingia kwa tundu la paa ukalala sakafuni kama mkia. Kabla sijafumbua macho nilinyoosha mkono nikagusa kibuyu. Kikiwa na joto, nilijua kwamba mbwa wangu Kambi bado yu hai.

Mwaka ule Wadachi walikuwa wakiisukuma reli yao kwenda Dodoma. Kwa miezi mingi kambi ya wajenzi ilikaa karibu na malisho yetu, na vumbi jekundu la tuta lilitua hata juu ya maziwa. Baba yangu alichimba udongo pale msimu mmoja, akarudi nyumbani na blanketi na mgongo mbovu. Kisha siku moja kambi ikang'olewa yote, mahema na masufuria na watu, ikasogea mbele kufuata reli. Nilipopita na ndama wangu nikakuta uwanja mtupu, na katikati ya majivu ya jiko lao ameketi mbwa wa rangi ya mchanga, sikio moja limesimama na jingine limelala. Hakunifukuza wala hakunikaribia. Aliyatazama majivu kana kwamba moto ungewaka tena wenyewe. Nilipoondoka alinifuata kwa mbali, na jioni aliingia nasi zizini kama ndama wa mwisho.

Mama alimtazama akacheka. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema, "lakini mgeni huyu amekuja na viroboto wake." Jirani yetu Mama Sechelela, aliyekuwa na ulimi mwepesi kuliko miguu yake, alichungulia mlangoni akauliza kama tumeruhusiwa kufuga mbwa wa serikali. "Mbukwa, jamani!" akasalimu kwa Kigogo. "Kesho akida atakuja kumsalimu ndugu yake!" Watu wote walicheka isipokuwa mimi na mbwa. Baba aliweka sharti moja tu. "Akiwabwekea fisi, atakula hapa. Asipobweka, njia ya reli anaiona, awafuate wenzake." Tukampa jina la Kambi, kwa kuwa hatukujua aliitwaje huko alikotoka.

Basi Kambi hakubweka, ila baba alikuwa bado anangoja. Fisi walilia mlimani, naye aliinua sikio lile moja akalishusha. Watoto wengine walimchokoza kwa vijiti wakitaka kusikia sauti yake, wakaambulia patupu. Mimi sikumlaumu, maana hata mimi nilikuwa mtoto wa kukaa kimya. Wageni walipofika nilijificha nyuma ya ghala la uwele, na nilipotaka kitu nilikitazama tu mpaka mtu anionee huruma au kitu chenyewe kiishe. Bibi yangu, mama yake baba, alikuwa akisema kwamba mimi, Nyemo, nilizaliwa na maneno yangu yote lakini nimeyaweka akiba. Nilipokaa na Kambi kivulini, wote wawili kimya, nilihisi kama tumezungumza mchana kutwa.

Msiba ulimpata kutoka kwa fahali wetu mweusi. Fahali huyo hakupenda wageni, na Kambi, aliyelelewa kati ya mahema na majembe, hakujua kwamba pembe si pambo. Asubuhi moja alimpitia karibu mno. Nilimwona akirushwa, nikamwona akianguka, na alipojaribu kusimama tumbo lake lilikuwa limefunguka upande kama mfuko uliochanika mshono. Baba akaja na mkuki wa kumpumzisha. Lakini mjomba Chilewa, kaka yake mama, alikuwepo siku hiyo, na mikono yake ilijulikana vijiji vyote vya jirani, kwa kuwa ndiye aliyeshona ng'ombe waliopigwa pembe. Alipiga magoti, akamnusa mbwa kwenye jeraha, akasema utumbo haujatoboka. "Shemeji, weka mkuki. Tumbo ni tumbo."

Nilishika kichwa cha Kambi magotini pangu. Mjomba aliosha jeraha kwa maji yaliyochemshwa na chumvi, akaurudisha utumbo taratibu kwa ncha za vidole, kama mtu anayemrudisha kifaranga chini ya mama yake. Kisha alibana ngozi kwa miiba mirefu ya mgunga, mmoja baada ya mwingine, na kila mwiba akauzungushia uzi wa kano ya ng'ombe, huku na huku, mpaka jeraha likafumba. Mwisho alipaka samli nzito ili nzi wasitue. Ndivyo alivyofanya kwa ng'ombe maisha yake yote, na ng'ombe wake walipona. Kambi alitetemeka, akanitazama, hakutoa sauti.

Kulipokucha miiba ilikuwa imetawanyika sakafuni na jeraha liko wazi. Mjomba alishona tena, kwa kano nyingine na samli nyingi zaidi, akidhani hakukaza vizuri. Jioni yake mambo yakawa yale yale. Ndipo Mama Sechelela alipochungulia akashika kiuno. "Chilewa, umemshona mbwa kwa nyama, ukampaka mafuta, halafu unamuuliza kwa nini amejila?" Mjomba akacheka mpaka machozi yakamtoka. Sisi ni watu wa ng'ombe. Ng'ombe hatafuni kano, wala hailambi samli aliyopakwa akaifurahia. Hakuna aliyefikiria kwamba mgonjwa wa safari hii ana meno.

Alipomaliza kucheka aliutazama uso wangu, naye akawa mtu mwingine. Alisema ngozi imechoka kutobolewa na kwamba atashona mara moja tu tena, kwa uzi wa magome na bila samli. Lakini damu peke yake itamwita alambe, na akilamba atakufa. Tulijaribu kumfunga mdomo kwa ukanda, akashindwa kuhema kwa joto. Baba alisimama kando na maneno yake yalikuwa ya haki. Mvua ilikuwa haba mwaka ule, na siku si nyingi ng'ombe wangehamishiwa mbugani kutafuta majani. Mbwa asiyeweza kwenda nao, na asiyebweka hata akibaki, angekula uwele wa watoto bure. Siku ya kuhama ndiyo ingekuwa siku yake ya mwisho, kama hata angefika huko.

Niliwahi kumwona ndama mmoja akiingiza kichwa ndani ya kibuyu kilichopasuka, akazunguka nacho zizini bila kuweza kujigusa kwa mdomo popote. Picha hiyo ilinijia, haikuniacha. Kibuyu kikubwa kiasi hicho kilikuwa kimoja tu nyumbani, nacho ni cha bibi, cha maziwa ya mgando, kilichokuja naye alipoolewa. Kila alipokiosha alikifukiza kwa kijinga cha moto mpaka kikanukia moshi mtamu. Mbwa hakuruhusiwa hata kukipitia karibu, kwa kuwa nyumbani kwetu iliaminika kwamba mbwa akigusa kibuyu cha maziwa, ng'ombe hukauka. Nilisimama mbele ya bibi. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, wasema watu, lakini hawasemi jinsi kuomba kunavyouma kuliko kuuliza.

"Bibi," nilisema, "naomba kibuyu chako. Nimvishe Kambi."

Mama alianza kunikemea, bibi akainua mkono. "Kibuyu cha maziwa akivae mbwa?" Alikichukua kibuyu akakipakata. "Tangu azaliwe, mtoto huyu hajaniomba hata chumvi. Leo ameanza, na ameanza na hiki." Akamgeukia mjomba. "Kata, kabla sijarudiwa na akili. Kikishaguswa na mbwa si cha maziwa tena, basi hakuna ng'ombe wa kukauka."

Mjomba alikata kitako, akapanua upande wa shingo, akatoboa matundu ya kupitisha ukanda wa ngozi. Kambi akashonwa mara ile ya mwisho, kisha akavishwa. Uso wake ulikaa ndani kabisa, kama mtu aliyechungulia dirishani mwa nyumba yake mwenyewe. Nilidhani atahangaika, lakini harufu ile ya moshi na maziwa ya miaka mingi ilimtuliza, akafumba macho. Siku zilizofuata zinanijia sasa kama kitu kilichoonwa kupitia maji. Nilimlisha uji wa uwele kwa mkono, nikiuingiza ndani ya kibuyu mpaka kiwiko, na ulimi wake ulikuwa mkavu, kisha wenye unyevu, kisha wenye nguvu. Nzi niliwafukuza kwa usinga wa mkia wa ng'ombe. Joto lilipotufanya sote tusinzie, niliweka mdomo wangu ukingoni mwa kibuyu nikamweleza mambo: ndama yupi amezaliwa, mawingu gani yamepita bila kutuona. Sauti yangu ilirudi kwangu ikiwa nene, ya mtu mzima, nikaipenda. Haba na haba jeraha lilifumba. Mjomba alichomoa miiba, ila akataka kibuyu kibaki mpaka ngozi iwe ngumu.

Siku ya kuhama ikafika kibuyu kikiwa bado shingoni. Ng'ombe walitolewa zizini katika vumbi la asubuhi, kengele zikilia, na baba akasimama langoni na fimbo yake, akimsubiri Kambi bila kumwita. Kambi alitoka akichechemea. Kufika katikati ya uwanja akakutana na fahali mweusi, ana kwa ana. Fahali akainamisha kichwa, akakwaruza ardhi. Ndipo Kambi akafungua mdomo wake ndani ya kibuyu cha bibi, akabweka.

Sijui kama mbwa mwenyewe alijua nini kingetoka. Ule haukuwa mbweko wa mbwa. Ilikuwa sauti ya kitu kikubwa kilicho ndani ya pango, ikagonga kuta za tembe ikarudi. Fahali akaruka nyuma, akageuka, akajipenyeza katikati ya majike kama ndama aliyepotea. Mama Sechelela akaanguka chini na mtungi wake. Baba aliegemea fimbo akicheka, jambo lililokuwa nadra tangu arudi kutoka kwenye reli. "Haya," alisema alipopata pumzi, "fisi watahama wenyewe. Mwacheni aende polepole, nyuma." Na Kambi akaenda mbugani, nami nikamfuata na ndama wangu, nikipeperusha vumbi lake kwa usinga.

Sasa mimi ni mwanafunzi wa kalamu tu, nilijifunza herufi kwa wamisionari na ninaziandika kwa mwendo wa kinyonga. Bibi hayupo tena. Treni hupita Gulwe na moshi wake, na filimbi yake huwafanya watoto wakimbie mlimani kuitazama. Watu husema hakuna sauti kubwa kuliko hiyo katika nchi yote. Kambi ni mzee, meno yamebaki machache, hulala mlangoni siku nzima. Treni ikipiga filimbi, yeye aliyelelewa kwenye reli hafumbui hata jicho. Lakini kibuyu tumekitundika kwenye nguzo ya lango, na upepo wa jioni ukitoka uwandani ukaingia mdomoni mwake, hulia kidogo, kwa sauti ya chini. Hapo Kambi huinuka kwa taabu, sikio moja juu, akatazama huku na huku kumtafuta aliyeita. Nami huacha ninachofanya, nikaenda kumweleza habari za siku hiyo.