Dawa ya Siku ya Kukimbia

Kazi yangu ni kuwauliza watu yaliyowapata wakati wa vita, kisha kuwapima presha. Jina lake kubwa ni epidemiolojia. Nilisoma miaka mingi Kinshasa ili nijue kama hofu ya zamani inaweza kumwua mtu leo, akiwa amekaa kwake salama anamenya muhogo. Huku Kabambare majina makubwa hayana kazi. Wananiita mama wa tansio, basi. Tansio ndiyo presha ya damu, na mashine yake naibeba mgongoni toka Kasongo juu ya pikipiki, nimeifunga kwa kitenge na mfuko wa plastiki, kwa sababu barabara ile haina huruma kwa mtu wala kitu.

Nikiri mapema kwamba mimi ni mtu wa wasiwasi. Wenzangu wa ofisini Kasongo wanasema pikipiki ikizimika nje, nauliza nani amekufa. Sikatai. Mama yangu mzazi anaishi Kabambare peke yake, na tansio yake ndiyo inayoninyima raha. Mdogo wake, aliyenilea pamoja naye, alianguka shambani akichimba muhogo, mdomo ukapinda upande, na siku ya tatu wakamzika. Mimi nilikuwa chuoni, najifunza namna ya kuzuia vifo vya aina hiyo. Tangu hapo, kila ninapomfunga mama ile mashine mkononi, naogopa kuitazama namba.

Anketi yetu, yaani utafiti wetu, ilikuwa rahisi kuieleza. Tulichagua watu wazima waliokimbia vita mara nyingi na wenye tansio ya juu. Tuliwapa vidonge vya kumeza kimoja kila asubuhi, na kila mwezi tulirudi kuwapima. Mama sikumwandika, kwa kuwa si vizuri mtu kuchunguza ndugu zake, lakini vidonge nilimletea vilevile. Mwezi wa kwanza tansio za watu hazikushuka. Mwezi wa pili, hivyo hivyo. Ya mama ndiyo kwanza ilipanda. Nilipomuuliza kama anameza, alinijibu, "Aksanti kwa dawa, mama." Ananiita mama kwa sababu nimebeba jina la mama yake. Nyumba nyingine nazo walinishukuru hivyo hivyo, kwa mikono miwili, nami nikaandika katika karatasi zangu: anameza.

Nikajitungia nadharia. Niliandika kwamba mwili uliokimbia mara nyingi husahau kupumzika, hata ukipewa dawa. Ilikuwa sentensi tamu, na niliipenda kuliko inavyofaa mtu mzima kupenda sentensi. Niliijengea kurasa nyingi. Lakini nilipozima kompyuta roho iliniruka, maana kama sentensi ile ni ya kweli, basi mama yangu hana dawa. Ni ajabu kutamani uwe sahihi na kuomba Mungu uwe umekosea, yote kwa siku moja.

Mwezi wa saba wa anketi nilifika kwa mama mvua ikinyesha. Maji yalikuwa yanavuja karibu na mlango, pale anapoweka furushi lake. Kila nyumba kwetu ina furushi nyuma ya mlango: sufuria ndogo, chumvi, kitenge, viatu, kadi za uchaguzi. Mgeni haambiwi, na sisi wenyewe hatulioni tena, kama ufagio. Nilipoliinua lisilowe, likatoa mlio wa makaratasi ya vidonge. Nikalifungua. Dawa ya miezi saba ilikuwa mle ndani, haijaguswa, imefungwa kwa uzi kama noti za harusi.

"Mama, hii ni nini?"

"Si ni dawa yako," akasema bila aibu. "Niko naichunga."

"Unaichungia nini?"

"Siku ya kukimbia. Kule mu pori, farmasi iko wapi? Mudogo yangu alianguka mu shamba, na hapakuwa hata mutu mwenye kumufukuza. Sasa mimi nikianguka mu njia, nani atanibeba?"

"Lakini dawa inamezwa leo, mama! Kila siku!"

"Leo niko nafanya nini? Niko nakaa tu. Akiba haiozi, mutoto yangu."

"Hii inaoza!" nikafoka. "Tazama, tarehe imeandikwa hapa."

Akaitazama kwa makini, ingawa hajui kusoma. "Basi waandike ingine," akasema.

Niliona aibu kwa kufoka. Ni mimi ninayewafundisha vijana wa anketi wasimpandishie mtu sauti. Nikatoka na mvua ile ile mpaka kwa jirani, mjane mmoja aliyekuwa katika orodha yetu, na badala ya kumuuliza kama anameza, nikamwomba anionyeshe furushi. Alinitazama kana kwamba nimeomba kuona nguo zake za ndani. Kisha akalifungua, na vidonge vilikuwamo. Nyumba iliyofuata, vilikuwamo. Wengine walimeza siku uvumi wa risasi ulipofika kutoka upande wa machimbo, viwili kwa mpigo, halafu wakaacha. Mpaka mvua inakatika, nadharia yangu ilikuwa imekufa.

Nilifurahi, kusema kweli, maana dawa ilikuwa haijashindwa, ilikuwa haijamezwa. Lakini furaha haikukaa. Maswali yetu yote yaliuliza ya jana: ulikimbia mara ngapi, ulipoteza nani, uliona nini. Hakuna hata moja lililouliza wanangoja nini. Nami si mgeni. Mimi pia nina furushi langu Kasongo, chini ya kitanda, na ndani yake kuna diploma zangu zote.

Tukabadilisha utaratibu. Kila mtu akapewa paketi mbili, moja ya kumeza na moja ya furushi, na ile ya furushi tukawa tunaibadilisha kabla haijaharibika. Katika nyumba nyingi mambo yalinyooka, na mwezi uliofuata tansio zilianza kushuka. Kwa mama nilikuta paketi zote mbili furushini. Mganga hajigangi, wanasema, na kumbe hata mama yake hamgangi.

Asubuhi ya kurudi Kasongo nilimpima tena. Namba ilikuwa mbaya kiasi kwamba nilijifanya mashine ina kasoro, nikapima mara ya pili. Ikawa ile ile. Nikakaa naye kwenye mkeka, nikamwambia waziwazi kwamba naogopa, kwamba nitamzika kama tulivyomzika mdogo wake.

"Sawa," akasema. "Nimeze zote, za hapa na za furushi. Lakini siku ile ikifika, weye utakuja kunitwaa?"

Barabara naijua. Wakati wa mvua ni siku mbili kwa pikipiki, kama madaraja ya miti bado yamesimama. Tena siku ya kukimbia hakuna anayepita kwenda Kabambare, wote wanatoka. Miaka yote hii nimewaambia vijana wangu: usimwahidi mtu jambo usiloliweza, hata kama analia.

"Nitakuja, mama."

"Kweli?"

"Kweli."

Alinitazama jinsi ninavyomtazama mtu aliyejibu haraka mno. Kisha akaweka kidonge ulimini, akanywa maji, akafungua mdomo nione kwamba amemeza.

Sasa tansio yake ni nzuri. Kila mwezi naiandika katika daftari langu mwenyewe, na kila mwezi, kabla hajanyoosha mkono nimpime, ananiuliza tena kama nitakuja. Namjibu ndiyo.