Mkono wa Mama Ulikuwa Chini ya Sweta

Jamani, kuna mtu aliwahi kunipasua uso kwa mashine ya kupima presha.

Msicheke kwanza.

Mimi ni nesi wa chumba cha vipimo. Asubuhi hiyo foleni imejaa hadi nje, akaingia mama mmoja mzee ndani ya sweta zito. Nyuma yake wanawe wawili.

Wa kiume pande la mtu, sauti ngurumo. Moyoni nikambatiza Tingatinga. Wa kike mpole, kamshika mama kama kabeba yai.

"Mama anaishi kwangu," akasema yule dada. "Presha haishuki. Dawa anameza, lakini wapi!"

"Muache aseme mwenyewe!" Tingatinga akafoka. "Kila nikija kumwona unaniambia kalala!"

Nikajifanya sijasikia.

"Shikamoo mama. Egemea kiti, miguu yote chini. Pumzika kidogo. Nikianza kupima, hakuna kuongea. Sasa tuvue sweta."

"Anasikia baridi," dada akadakia. "Pima juu kwa juu."

"Juu ya nguo mashine inadanganya, dada yangu."

Nikapandisha mkono wa sweta mwenyewe.

Mungu wangu.

Mkono umevimba, umevilia damu. Alama za vidole zimeganda pale kama muhuri.

"Alianguka bafuni," dada akasema. Hata sijauliza.

Mkono kama ule haufungwi mkanda wa mashine. Nikawa nazunguka kwenda upande wa pili, Tingatinga naye akauona.

Meza ikaruka. Akamdaka dada yake koo, akambamiza ukutani.

"Nitakuua! Leo nakuua!"

Nikapiga kelele. Mlinzi akaja mbio na rungu, akamtandika la mgongo, la pili la goti. Tukamburuta hadi koridoni, anatukana, anarusha mateke. Watu kwenye foleni, walioona mkono wa mama kupitia mlangoni, wakaanza: "Ndiye huyo anayempiga mama yake! Mpeni kipigo!"

Na mimi nikaamini hivyo hivyo. Sura ya mpigaji ilikuwa yake, sauti ilikuwa yake.

Ndipo nikasikia mashine inavuma ndani.

Nani kaiwasha?

Nikasukuma mlango. Yule mpole kamfunga mama mkanda kwenye mkono uleule uliovimba. Kiganja kimemziba mdomo. Mkanda unajaa hewa, unabana, macho ya mama yanataka kutoka.

"Sema ulianguka," anamnong'oneza. "Sema, au nabonyeza tena."

Nikarukia kitufe cha kuzima, nikaung'oa mkanda. Akanyakua mashine na kunishindilia nayo usoni. Damu ikaniziba jicho. Nikaanguka, akanipanda kifuani, akaiinua tena.

Pigo la pili halikufika.

Tingatinga alikuwa kamponyoka mlinzi. Akamkumbatia dada yake kwa nyuma, mikono yote miwili, akambana. Yule dada akamng'ata hadi nyama ikaachia. Hakumrudishia hata kofi.

"Mlinzi, mchukue," akasema huku analia. "Mchukue kabla sijawa kama yeye."

Polisi wakamwondoa. Mimi nikashonwa. Picha ya eksirei ikaonyesha mfupa wa mkono wa mama una ufa.

Mama alipotulia, kakaa na mwanawe wa kiume tu, nesi mwenzangu akampima mkono wa pili, ule mzima, kwa mashine nyingine.

Presha ya kawaida kabisa.

Daktari akaagiza apimwe tena kwa siku kadhaa kabla ya kubadili dawa zake. Akasema maumivu na hofu vinatosha kuirusha namba juu.

Nikamwinamia. "Mama, mbona siku zote hukusema?"

Akanitazama kwa huruma, kama mimi ndiye mgonjwa.

"Mwanangu, ningesema saa ngapi? Kila nilipopimwa, yeye ndiye aliyekuwa amenishika."

Basi ndugu yangu, ukimpima mtu presha, mfunue mkono, na umtoe nje anayemjibia. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi nilidhani ni msemo tu.