Wanja wa Bibi Kwenye Hadubini

Nichekeni, lakini nisikilizeni kwanza. Wiki iliyopita, hapa Malindi, tulipewa jaribio la mwisho kabla ya mtihani wa ufundi wa maabara, na atakayeanguka hapelekwi kwenye mtihani wenyewe. Macho yalikuwa yananiwaka kwa kusoma, basi asubuhi kabla sijatoka nyumbani Mambrui, bibi akanipaka wanja tele. "Huu utakupoza macho, mjukuu wangu," akasema.

Mwalimu Katana, mtu asiyejua kucheka, akanipa kioo chenye tone la damu nikipime. Kwenye hadubini nikaona madoa meusi chungu nzima. Nikakisogeza kioo, madoa yakabaki palepale. Mwenye akili angejiuliza. Mimi nikajibu kifua mbele.

"Mwalimu, huyu ana malaria kali. Vidonge vya klorokwini havitamtosha, alazwe leo hii."

"Una hakika, binti?"

"Kabisa. Sijui hata amefikaje hapa."

"Kwa baiskeli," akasema. "Damu hiyo ni yangu."

Ningenyamaza ningepona. Nikamwomba atazame mwenyewe. Akainama, akaweka jicho kwenye lenzi, akakawia. Mara nikamwona anajishika paji la uso, kisha shingo.

"Ndiyo maana tangu juzi sijisikii vizuri," akanong'ona.

Akainua uso, na darasa zima likaangua kicheko. Jicho lake moja lilikuwa limezungukwa na wanja, kama bi harusi aliyetoroka kabla hajamaliza kupambwa. Akajipangusa kwa kidole, akakitazama kidole, kisha polepole akayatazama macho yangu.