Kuchuchumaa Mbele ya Mtoto

Nilipoajiriwa kufundisha chekechea huko Kulamawe, mbali na kwetu, nilimwacha binti yangu wa miaka minne kwa mama yangu, huko Meru. Nilipanga chumba nyuma ya duka. Jioni majirani waliongea Kiborana, lugha ambayo nilijua salamu zake tu. Nilikuwa nawasikia wakicheka, nafunga mlango, napika ugali wa mtu mmoja.

Darasani kulikuwa na msichana mdogo aliyependa kupiga wenzake. Wakati wa uji alimsukuma huyu, akammwagia yule. Mwalimu mwenzangu akanishauri, "Mchape mara moja tu, atanyooka."

Sikumchapa. Nilichuchumaa mpaka macho yetu yakalingana, nikamwambia polepole, "Mikono si ya kupiga. Utagawa vikombe ama utanawisha wenzako? Chagua."

Aliniangalia kama anayetafuta mtego uko wapi. Akachukua vikombe.

Kuanzia hapo nikawa namvizia afanye jambo jema. Akingoja zamu yake, namwambia, "Nimeona umengoja." Sikusema "mtoto mzuri", maana hilo halimwambii amefanya nini. Kuna siku alipiga tena. Nilimkalisha kando yangu hadi pumzi ikatulia, tukaanza upya. Ilichukua muda. Lakini asubuhi moja alinijia mbio, akashika sketi yangu, akakataa kuiachilia. Nilifurahi, halafu nikautazama mkono wake. Mkono ule ulikuwa mdogo kama ule niliouacha Meru.

Jioni nikapiga simu nyumbani.

"Utaniambia ya shule ama ya mbuzi wa nyanya?" nilimuuliza binti yangu.

Nikamsikia akimwambia mama yangu, "Nyanya, shika simu yako."

Shule zilipofungwa, mama alimleta akae nami likizo. Watoto wa mtaa walikuja mlangoni kutwa nzima, wakiita, "Ticha! Ticha!" Binti yangu alikuwa anawasikiliza. Siku ya pili alitaka maji. Alisimama kando ya kitanda, akaniita kwa heshima kabisa, "Ticha."

Nikampa maji. Akanywa, akatoka kwenda kucheza.

Likizo yote hakuniita mama, nami sikumlazimisha. Mama yangu alipokuja kumchukua, binti yangu alimkimbilia na kumkumbatia miguu. Niliwasindikiza hadi barabarani. Gari lilipoondoka, nilirudi chumbani nikaanza kufua shuka alizolalia binti yangu.