Mitaro Niliyochimba kwa Macho

Nakumbuka mwaka ule nilipooa, mwanangu, miaka ya sabini ikielekea mwisho, nilijiona mjuzi kuliko kijiji chetu kizima cha Kanyangi. Nilikuwa nimemtembelea mjomba wangu huko Nunguni nikakuta shamba lake likikatwa mitaro ya fanya juu, ile ambayo udongo unatupwa upande wa juu ili kuzuia maji ya mvua. Watu walikuwa na kamba na kipimo kidogo cha usawa. Sikuuliza vilikuwa vya nini. Nilirudi nyumbani nikashika jembe, nikachimba mitaro minne kwa kukadiria kwa macho tu.

Kumbe akina mama wa mwethya, kikundi cha kusaidiana kazi za shamba, walikuwa wamefundishwa kazi hiyo hiyo na afisa wa kilimo. Mke wangu aliniambia niwaulize. Niliona haya, mwanamume mzima kufundishwa kuchimba na wanawake.

Mvua ya Novemba ilipokuja, maji yalikusanyika upande mmoja wa mtaro wa juu kwa kuwa haukulala sawa, ukapasuka, ukavunja mitaro yote iliyokuwa chini yake. Na maji hayakuishia kwangu. Yaliteremka hadi kwa jirani yangu Mama Kalondu, mjane mwenye watoto watano, yakazoa kunde zake zilizokuwa ndiyo kwanza zimeota.

Nilikwenda kwake. Nilikuwa nimepanga kusema ni mvua tu, kazi ya Mungu. Lakini nilipomkuta ameinama akiokota miche michache kwenye tope, nilishindwa. Nikamwambia ni makosa yangu. Niliogopa atanipeleka kwa chifu, na angekuwa na haki.

"Musyoka, uliona mtaro," akasema, "lakini hukuuliza maji yatakaa vipi ndani yake. Lete jembe. Tuanze na kwangu."

Nilimpandia kunde upya kwa mbegu zangu. Kisha akaja kwangu na wenzake wa mwethya, wakanionyesha kunyoosha kamba na kupima usawa, hatua kwa hatua, mpaka mwisho wa shamba.

Mvua iliporudi, mimi na mke wangu tulisimama shambani tumejifunika magunia, tukaangalia maji yakijaa mtaroni na kutulia. Kule chini Mama Kalondu alikuwa mlangoni kwake. Aliniinulia mkono. Mwanangu, nilipumua kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani. Msimu ule tulivuna, yeye na sisi.

Basi ukiletewa mbegu mpya, au mashine, au dawa ya shamba, usiikatae kwa sababu ni ngeni, wala usiichukue kwa kuiona tu. Uliza inafanyaje kazi. Muulize hata yule unayemdharau, maana huenda ndiye anayejua. Na ukimharibia mtu, nenda mwenyewe kabla hujaitwa.

Mungu akunyeshee mvua ya kiasi, mwanangu, na akupe majirani wa kukwambia ukweli na kubaki nawe kazini.