Kumi na Tisa Hayupo

Niliacha shule darasa la saba kwa sababu ya lori la mananasi. Lilipita mbele ya lango letu pale Thika limejaa hadi juu, nikataka kujua linakwenda wapi, nikadandia. Lilikuwa linakwenda kiwandani, kilomita mbili tu. Lakini ukishaonja kudandia, si rahisi kurudi kwenye hesabu za sehemu. Tangu hapo nimeuza mitumba, nimechuma kahawa, nimefulia wanafunzi wa chuo pale Juja, nimepikia wajenzi, na hakuna kazi iliyonishika zaidi ya miezi mitano. Si uvivu. Nikishaelewa jambo linavyokwenda, nyayo zinaanza kuniwasha.

Basi la shule la mzee mmoja lilinishinda kuelewa. Ndiyo maana nilikaa.

Wakati huo nilikuwa nauza mayai ya kuchemsha Gatongora, mkabala na duka la mbao na misumari. Kila asubuhi basi la shule lilisimama mbele yangu, kuukuu lakini linang'aa kama sahani ya wageni. Lilichukua watoto watatu wa mwisho, kisha likabaki palepale. Ndani, watoto walipaza sauti mmoja mmoja kama kuku wanaotaga kwa zamu. Siku ya nne nilishindwa kuvumilia, nikaingiza kichwa mlangoni pamoja na ndoo yangu.

"Mzee, hawa watoto wanafanya nini?"

"Wanajihesabu," dereva akasema bila kugeuka. Alikuwa amevaa kofia ya kijeshi iliyochakaa na viatu ambavyo ungeweza kujitazamia meno.

"Kwani wewe huwezi kuwahesabu?"

"Mbuzi ndiye anayehesabiwa. Askari anajitaja."

"Na mmoja akinyamaza?"

"Basi halitoki."

"Na akiwa mgonjwa?"

"Mzazi anapiga simu asubuhi, mimi natangaza, wenzake wanasema 'Apone!' na pengo limezibwa." Hapo akageuka akanitazama vizuri. "Raia, una maswali mengi. Mbali na mayai, una kazi nyingine?"

Mama aliyekuwa akifungua mlango alikuwa ameacha kazi wiki iliyotangulia, akisema magoti yake hayawezi kusimama kikakamavu kila basi linapopanda tuta. Nilianza Jumatatu. Watoto waliniita auntie. Yeye walimwita guka, yaani babu, na mimi akaniita raia, kwa sababu kwake ulimwengu ulikuwa na watu wa aina mbili.

Aliingia jeshini akiwa kijana wa Kiganjo asiyejua hata baiskeli, akatoka mzee, na katikati hapo alifanya kazi moja tu: kuendesha malori. Pesa za kustaafu zikawa basi. Watoto walipomwomba hadithi za vita, alisema adui aliyemsumbua kuliko wote ni ngamia mmoja aliyelala katikati ya barabara ya Garissa asubuhi hadi adhuhuri.

"Ulimpiga risasi, guka?"

"Nilimbembeleza."

"Ukamwambia nini?"

"Siri ya jeshi."

Kila alfajiri alizunguka basi akipiga kila gurudumu mateke matatu. Gurudumu la nyuma kushoto alilipiga manne. Nikamuuliza kwa nini. Akasema lenyewe linajua.

Tatizo lilikuwa wazazi. Walisema amepita sabini, wakasema kuna kijana Juja mwenye basi jipya lenye televisheni. Ikawa Ijumaa moja, mwalimu mkuu wa shule yetu ya Ruiru akaja hadi Kiganjo, basi linakoanzia, na viatu virefu na daftari, akaketi kiti cha mbele.

"Mzee wangu, leo naangalia kila kitu," akasema. "Tukifika kabla ya kengele ya saa mbili bila matatizo, muhula ujao unaendelea. La sivyo, nitamchukua yule kijana."

"Ndiyo, madam," akasema mzee, akaongeza teke moja kwa lile gurudumu.

Alikuwa ameambiwa mapema kwamba madam anakuja, na usiku wa kuamkia siku hiyo najua hakulala, kwa sababu shati lake lilikuwa na mistari miwili ya pasi katika kila mkono. Bila watoto wale angebaki nyumbani akiwapigia saluti kuku.

Tulifika Gatongora mapema. Watatu wa mwisho wakapanda, nikafunga mlango.

"Hesabu!" mzee akaamuru.

Wakajitaja, moja hadi ishirini na tatu, vizuri kama kinanda. Mzee akashika gia.

"Ngoja," mwalimu mkuu akasema. Alikuwa amesimama, kalamu juu ya vichwa. "Mimi naona ishirini na wawili."

Akahesabu tena. Nikahesabu mimi pia, kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe. Kazi yangu ilikuwa mlango. Namba niliachia jeshi. Ishirini na wawili.

"Ngai! Tumeacha mtoto!" Mwalimu mkuu akachungulia chini ya viti. Mimi nilichungulia ndani ya mfuko wangu wa mkononi, sijui kwa nini.

Mzee akazima injini. "Rudieni, polepole."

Kufika kumi na nane, sauti ya "kumi na tisa" ikatoka nyuma, nyembamba, na ikafanana sana na ile ya saba.

"Saba, simama," akasema mzee. "Kumi na tisa yuko wapi?"

Msichana wa nywele za mabutu akasimama. "Alihamia Nakuru, guka."

"Lini?"

"Januari." Tulikuwa Juni. "Siku ya kwanza tulinyamaza, ukakataa kutoka, uji ukapoa. Kwa hivyo tunamshikia. Jumatatu ni mimi, Jumanne ni nne..."

"Leo ni Ijumaa."

"Leo ilikuwa zamu ya mbili, nimemshikia. Ana mafua, sauti yake ingejulikana."

Mwalimu mkuu akashusha pumzi. "Haya, hakuna aliyepotea. Futa hiyo namba, twende. Dakika kumi na tano zimebaki."

Mzee hakuwasha injini. "Madam, niliwahi kutoka na malori saba na kufika na malori saba. Namba haifutwi bila amri ya maandishi ya mkubwa. Nikizoea pengo leo, kesho litakuwa pengo la mtoto kweli."

"Mzee, utapoteza kazi!"

"Najua."

"Na mkubwa ni mimi!"

"Basi amri ingekuja Januari."

Mwalimu mkuu akafungua daftari, akalifunga. "Barua ya mama yake iko kwa droo yangu," akasema chini. "Nilisahau kukwambia."

Hapo saba, ambaye hakuwa ameambiwa aketi, akasema, "Madam, si wewe uwe kumi na tisa tu? Wewe huna namba."

Basi zima likapiga makofi. Mwalimu mkuu akatazama saa, akanitazama mimi, nikatazama mlango wangu.

"Hesabu!" akaamuru mzee. Moja, mbili, hadi kumi na nane.

"Kumi na tisa," mwalimu mkuu akanong'ona.

"Sijasikia!"

"KUMI NA TISA!"

"Ishirini!" akajibu mwenye duka la mbao kutoka ng'ambo ya barabara. Ishirini mwenyewe, wa darasa la kwanza, akaangua kilio kwamba ameibiwa namba yake, na ikabidi tuanze upya.

Tulifika shuleni bawabu akiwa ameshanyanyua chuma cha kugongea kengele. Mwalimu mkuu akashuka, akanyoosha sketi. "Muhula ujao uendelee," akamwambia mzee. "Lakini auntie naye ahesabu vichwa, kwa macho yake." Madam alipofika mlango wa ofisi yake nilimwona akijaribu kutembea kawaida, ila mkono mmoja ulikuwa unapigapiga kama wa gwaride.

Jumatatu madam hakuwepo. Watoto wakajitaja hadi kumi na nane, kisha kimya, kwa sababu sasa walikuwa wamemwahidi guka hawatashikia mtu namba tena. Amri ya kufuta ilikuwa haijaja. Injini ilinguruma. Mzee akanitazama kwenye kioo, na vichwa ishirini na viwili, nilivyokwisha kuvihesabu, vikageuka kwangu.

"Kumi na tisa," nikasema.

Mwaka uliofuata, nilipoomba ruhusa ya kwenda kuona Lodwar, kule mbali kaskazini, kukoje, mzee alipangusa kofia kwanza.

"Kumi na tisa alishahama mara moja," akasema. "Amemaliza zamu yake ya kuhama."

Hakuniita raia.

Lodwar bado sijaiona.