Kaburi la Mtoto wa Mpangaji

Shangazi yangu Walburga hakuwa mtu wa kuogopa ovyo. Alikuwa mpishi wa kantini ya shirika moja la umma hapa Songea, na wanaume waliothubutu kuyasema vibaya maharage yake walijuta. Lakini ilipokuja miaka ya soko huria, shirika likapunguza wafanyakazi, naye akapewa kiinua mgongo na mkono wa kwaheri. Alikizamisha chote kwenye mtaa wa Mshangano: kiwanja, tofali za kuchoma, bati, nyumba ya vyumba sita na ukumbi katikati. Kimoja akakaa mwenyewe, vitano akapangisha. Hapo ndipo alipojifunza kuogopa.

Kiwanja chenyewe alikinunua kwa mdomo, kama wengi wetu, mbele ya balozi wa nyumba kumi na wazee wa ukoo wa muuzaji. Hati hakuna. Wakapeana mikono, wakanywa togwa, yakaisha.

Mpangaji wake wa kwanza alikuwa Kajetani, fundi baiskeli kutoka Mbinga, na mkewe Noela. Masika ya mwaka wa pili Noela akajifungua mtoto ambaye hakumaliza hata wiki. Barabara ya Mbinga ilikuwa imekatwa na mvua. Wanawake wakubwa wa jumuiya ya kanisa wakasema kichanga hakizikwi mbali na mama yake, apumzishwe nyuma ya nyumba. Wakamgeukia mwenye nyumba. Shangazi alikuwa akilia kama wao, akakubali papo hapo. Wema ule siulaumu. Tatizo ni kwamba alikuwa bado hajazoea kuwa mwenye nyumba.

Haukupita muda, jirani yake Emerensiana akamvuta pembeni baada ya sala ya jumuiya.

"Walburga, hapa kwetu kesi ya ardhi ikifika kwa wazee, wanauliza nani wako amelala pale. Wewe una nani pale? Mwenzio ana mtoto."

Maneno yale yalimwingia kama funza kwenye kidole. Kodi ya Kajetani ikachelewa mwezi, ukafuata wa pili. Mwenye nyumba mwingine angegonga mlango. Shangazi alifika mlangoni, akainua mkono, akarudi jikoni. Badala ya kudai akaanza kuwapelekea mboga. Wapangaji wengine si vipofu. Wakaona, nao wakajifunza kuchelewesha. Bati likavuja upande wa magharibi na hakuwa na cha kuzibia.

Alinijia na maswali. Mpangaji anaambiwaje ahame? Unaanza kwa balozi au unaanza naye? Na akikataa mbele ya watu, akakuonyesha kaburi? Nilimcheka, nikamwambia nyumba ni yake na kila mtu anajua. Akanijibu kwa ukali kwamba nikalale mimi kwenye kiwanja kile, ndipo nitajua ni cha nani. Nikaacha kucheka.

Kajetani akazungushia kaburi tofali na kupanda maua. Halafu mwezi wa saba wakaja wazee wawili kutoka Mbinga. Wakasimama nyuma ya nyumba, mmoja akapima kwa hatua toka kaburini hadi ukutani, akanyoosha mkono kuelekea barabarani. Shangazi alikuwa akichungulia kupitia dirisha la jiko. Songea mwezi wa saba watu huvaa masweta, yeye alilowa jasho. Aliona kabisa kwamba wanagawana kiwanja chake.

Jumapili, baada ya misa, akaenda chumbani kwa Kajetani na rozari mkononi. Noela alimwamkia shikamoo, hata hakuitikia.

"Nimekuja mnieleze," alisema. "Mnataka kiwanja changu?"

Noela ndiye aliyejibu. Akasema baba mkwe wake alishawatengea nyumba Mbinga tangu mwezi wa tano. Wale wazee walikuja kuona kama mtoto anaweza kuhamishwa na apitishwe wapi hadi barabarani, wakaona si vizuri kumsumbua. Kodi ilikwenda kwenye safari za Mbinga za kupanga hayo, na wangeilipa. Kilichomzuia Noela kuondoka ni rundo la tofali zilizobaki za ujenzi, ambalo shangazi aliliweka hatua chache toka kaburini, akikusudia kujenga choo cha wapangaji.

"Nikiondoka, mama, utamjengea choo juu yake. Kila asubuhi natoka kuangalia kama rundo limepungua. Nakuogopa, mama. Hata mboga zako nilikuwa nakula kwa hofu."

Shangazi akaketi kwenye kigoda bila kukaribishwa. Akasema choo atakiweka upande wa pili. Noela akataka aape, akaapa, rozari ikiwa mkononi.

"Basi tutaondoka wiki hii," Noela akasema.

Neno hilo shangazi alikuwa amelisubiri miezi mingi, na lilipofika hakufurahi hata kidogo. Alinisimulia kwamba aliona sasa mtoto atabaki naye peke yake. Siku ya mazishi, kwenye mvua ile, wanawake walimwita malaika tu. Tangu hapo yeye alisema "lile kaburi," na kulikimbia.

"Mwanangu," akamuuliza Noela, "mtoto anaitwa nani?"

"Saimon," Noela akasema, na ndipo wote wawili wakaanza kulia.